Uzito wa Gazeti la Mtandaoni

Wasomaji wangu, tupige hesabu kidogo. Habari ya maneno 500 ya Kiswahili ina herufi kama 3,500, yaani kilobaiti 3.5 tu. Picha moja iliyotoka kwenye kamera bila kubanwa hufika megabaiti 3.5 kwa urahisi: mara elfu moja ya habari yenyewe! Bado hujahesabu matangazo na video zinazojiwasha zenyewe.

Mimi hutengeneza tovuti, tena niko huku Ziwa, Eldoret, kwa wakulima wa mahindi. Nakala moja ya Taifa Leo huzunguka kwa kinyozi, hotelini hadi stejini. Aliyelipa ni mmoja. Mtandaoni, kila msomaji huchoma bando lake.

Nation ilipoanza kutoza wasomaji wa tovuti yake mwaka 2021, ada ilionekana wazi, mtu akachagua kulipa au kuacha. Sawa, mwandishi naye ale. Lakini ukurasa mzito pia ni ada, ila imefichwa, na haimfikii mwandishi hata senti moja.

Wabunifu wenzangu, baneni picha, maneno yatangulie. Mkulima anatafuta bei ya mahindi, bando lisimwishie kwenye tangazo. Ama mnaonaje?