Deni ya Serikali: Nani Anailipa?



Katika somo la ekonomia tulisikia mawazo ya Mwingereza David Ricardo (1820), ambayo Mumarekani Robert Barro aliyatia nguvu mwaka wa 1974. Ni hivi: kama serikali inakopa leo pahali pa kuomba kodi, mwenye kununua sokoni hatajiona tajiri. Anajua kesho kodi itapanda juu ya ile deni. Basi anaweka feza pembeni, anangojea. Ricardo mwenyewe alikuwa na mashaka kama watu wanafanya vile kweli.

Mimi vilevile. Mama mwenye kuuza sombe hapa Bunia, nani alimuonyesha karatasi ya deni?

Tuangalie inchi yetu. Wakati wa Zaïre serikali ilikopa sana, kati yake kwa umeme wa Inga na ule musitari murefu mpaka Shaba. Bei ya shaba ikaanguka. Mwaka wa 1976 wakaenda Paris kuomba wadai waongeze muda. Deni ile haikutufikia na barua ya kodi, hapana. Ilipitia kwa bei. Mwezi wa 9 mwaka wa 1983 zaïre ilipoteza zaidi ya robo tatu ya bei yake mbele ya dola. Kiisha, wakati hakuna tena mwenye kukopesha, serikali ikachapisha makaratasi tu: mwaka wa 1994 bei zilipanda kupita 9000 kwa mia.

Sasa, nani aliumia zaidi? Ni yule aliyeweka akiba! Mwenye akili wa Ricardo, mwenye kufungia zaïre zake ndani ya sanduku, alibaki na makaratasi ya watoto kuchezea. Mwenye kununua mabati, matofali, mbuzi, huyo aliponyoka. Ndiyo maana mpaka leo nyumba na kiwanja wanahesabia kwa dola, na franga inabaki kwa chumvi na sabuni.

Mwaka wa 2010 wadai wa inje walisamehe Kongo karibu miliari 12 za dola. Vizuri. Lakini sanduku za wazee hazikurudishiwa hata likuta moja.

Profesa wetu anasema ninachanganya deni na kupanda kwa bei. Mimi ninaona ni mukono mumoja ndani ya mufuko mumoja. Mwenye jibu aandike katika namba inayofuata.

Mwanafunzi wa darasa la 6, Biashara