Mpita Njia na Ushahidi Wake

Yuko msafiri anayejivunia wepesi wa mfuko wake. Hubeba shanta mgongoni, hufika Mbeya, hupanda gari la abiria kupita Tukuyu, na huteremka katika tambarare ya Kyela. Hulala siku moja au mbili katika chumba cha bei ndogo huko Matema, huoga ziwani, hula wali kwa samaki, kisha huvuka mpaka wa Kasumulu akaingia Malawi. Mpaka hapo hana kosa. Njia ni ya watu wote, na fedha yake, ijapokuwa kidogo, huingia moja kwa moja mkononi mwa mama muuza chakula. Kosa huanza anaposema: "Mimi sikukaa na matajiri, kwa hiyo nimeiona nchi yenyewe na watu wake halisi." Dai hili ndilo tunalolipinga. Urahisi wa malazi si ushahidi wa ujuzi. Aliyelala kwa bei ndogo amejua bei ya kitanda, hajajua nchi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kuwa ni ukali kwa mgeni. Mimi naiona kuwa ni heshima. Jembe ni mlango wa kuingilia katika mambo ya mwenyeji. Aliyeshika jembe katika mashamba ya mpunga ya Ngonga ameanza kufahamu sahani ya wali imetokana na nini: mvua iliyochelewa au iliyozidi, na mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo ambayo kwa mkono mmoja huleta rutuba na kwa mkono wa pili huleta mafuriko. Mpita njia huondoka siku ya pili, yaani huondoka kabla ya jembe. Akija Agosti, ataandika kwamba hapa ni pepo. Akija Aprili, ataandika kwamba njia ni mbovu. Yote mawili yatakuwa kweli, na yote mawili hayatamfundisha mtu kitu.

Desturi hii si ngeni katika pwani hii ya ziwa. Mwaka 1879 Joseph Thomson alifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, akaona migomba, nyumba safi na watu wachangamfu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 aliifananisha nchi hiyo na Arkadia, ile nchi ya raha ya washairi wa Ulaya. Naye alikuwa amekwisha kushika njia ya Ziwa Tanganyika. Haikupita ila miaka 8, mwaka 1887, mfanyabiashara wa watumwa Mlozi akawashambulia Wangonde karibu na Karonga, na vita vikawaka kando ya ziwa lile lile. Thomson hakusema uongo kuhusu migomba. Lakini sifa ya mpita njia ni pazia sawasawa na kashfa yake; yote mawili humfanya msomaji adhani amekwisha kuona.

Sasa wapime wale waliokaa. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao kwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kilieleza jinsi wavulana walivyoondoka katika nyumba za baba zao wakajenga vijiji vya rika lao, na jinsi ambavyo ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio kwa mazungumzo na chakula, ulihesabiwa kuwa shina la maisha mema. Maana ya nyumba haionekani ukutani. Hujulikana kwa kuwauliza waliomo, tena na tena, katika lugha yao.

Lipo jambo jingine katika fahari hii ya urahisi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, vikaletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema. Msafiri wetu hushindania bei ya chungu mpaka mfinyanzi achoke, kisha huihesabu shilingi aliyoipunguza kuwa ni ushindi. Umaskini wake ni wa kuchagua. Utakwisha siku atakapopanda ndege. Wa mfinyanzi hauna tarehe ya kwisha. Asiyetaka chungu na asinunue. Lakini kumpunja mtu na kuuita upunjaji huo ujuzi wa nchi ni dhuluma juu ya dhuluma.

Huenda mtu akanijibu: Mbona Ibn Battuta alikaa Kilwa kwa muda mfupi mwaka 1331, nasi tunamtegemea mpaka leo? Jibu ni kwamba alikuja na elimu ya sheria, na alijua lugha ya wanazuoni aliowakuta. Aliuliza juu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akasimulia ukarimu wake kwa jina na kwa tukio. Tena, tunamtegemea mno kwa sababu maandishi ya wenyeji wa zama zile yaliyotufikia ni machache. Heshima yake basi ni deni letu. Palipokosekana kalamu ya mwenyeji, neno la mpita njia hugeuka kuwa historia.

Lawama, kwa hiyo, haimhusu mwenye shanta peke yake. Atapita, maana ndiyo kazi ya mpita njia. Yatuhusu sisi wenye elimu, tuliozaliwa penye migomba hiyo au tuliosoma pamoja na waliozaliwa hapo, kisha tukaacha Ngonga, Ipinda na Matema zielezwe na watu wa usiku mmoja. Hata kitabu cha Monica Wilson kiliandikwa kwa Kiingereza, na mkulima aliyesimuliwa humo hakuandikiwa yeye. Mwanafunzi wa Kyela anayerudi likizo anayo lugha, anao wazee, na jembe alikwisha pewa zamani. Kilichobaki ni kuandika, na kuandika kwa Kiswahili ambacho waliosimuliwa watakisoma na kukisahihisha. Akikataa, asiwe na haki ya kunung'unika atakapoikuta nchi yake imekwisha kuelezwa na mtu aliyeijua bei ya kitanda tu.