Uzuri wa Pori na Moto

Watu hupenda kutazama maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu. Wakati wa mvua maji mengi huanguka kwa kishindo, zaidi ya meta 300. Wakati wa kiangazi huwa membamba kama uzi. Lakini karibu na Lubumbashi pia kuna uzuri. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, miti ya miombo hutoa majani mapya, mekundu.

Watu huikata miti hiyo wapate makala ya kupikia. Walakini kisiki hakifi upesi, huchipuka tena. Adui yake ni moto wa mwisho wa kiangazi, unaounguza machipukizi. Basi mtoto anayewasha pori ili akamate panya hafanyi vema. Panya huliwa siku moja. Mti hukua miaka mingi.