Wingi wa Wavutaji Si Wingi wa Nguvu

Wako wenzetu huku Njombe na Makambako wasemao, "Gogo likikataa, ongezeni watu." Nayapinga maneno hayo, hata kama ayasemaye ni mwalimu.

Tulifunge gogo kamba mbili, moja ya nguvu 4, ya pili ya nguvu 3. Zikivutwa njia moja, jumla ni 7. Zikiachana kwa pembe mraba, ni 5 tu. Zikiachana kwa nyuzi 120, jumla haifiki 4. Heri yule wa 3 angalikaa nyumbani! Zikipingana, yabaki 1. Na jasho ni lile lile. Tena gogo halifuati kamba yo yote. Hupita kati yake, nalo laweza kumponda aliyesimama pale asipolitazamia.

Sisemi kupingana ni kubaya daima. Nguzo ya umeme ya kona husimama kwa kuwa waya uliofungwa ardhini huvuta kinyume, mivuto ikamalizana.

Basi, walimu, tusifundishe kwamba 3 na 4 ni 7 tukaishia hapo. Kabla ya kuuliza "Wangapi?" tuulize "Wavuta kwenda wapi?" Hata mabaraza yetu ya kanisa yangefaidiwa na hesabu hiyo.