Kufuli la Ndoa Tayari Lipo

Kwa Spika wa Bunge la Taifa,
Nairobi.

Mheshimiwa Spika,

Nchini mwetu mjadala wa mapenzi ya jinsia moja haumalizi dakika tano kabla haujageuka kuwa mjadala wa harusi: nani atamtolea nani mahari, nani ataitwa baba. Hata Mahakama Kuu iliingia mkondo huo. Tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumiwa kuyaadhibu mapenzi hayo, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba kuvibatilisha kungefungua njia kwa wapenzi wa jinsia moja kuishi kama wanandoa, kinyume cha Kifungu cha 45 cha Katiba. Nakuandikia kwa kuwa hofu hiyo haina msingi, na kwa kuwa Bunge lina uwezo wa kuirekebisha sheria hii lenyewe.

Katiba inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitaja ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Kifungu cha 45 kimo katika Sura ya Nne, ambayo, kwa mujibu wa Kifungu cha 255, haibadilishwi bila kura ya maamuzi. Anayeziogopa ndoa za jinsia moja basi ana kufuli tayari, na ufunguo wanao wapiga kura. Kumfunga mtu jela hadi miaka 14 hakulikazi kufuli hilo hata kidogo. Msumbiji iliacha kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja mwaka 2015, Angola 2021, na Botswana kwa hukumu ya 2019 iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufaa miaka miwili baadaye. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyohalalisha ndoa zao. Najua nitatajiwa Afrika Kusini, ambako adhabu ilifutwa 1998 na ndoa zikaruhusiwa 2006. Ni kweli, lakini Katiba yao inakataza kwa maneno bayana ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi, na haina kifungu kama chetu cha 45.

Kazi kubwa ya vifungu hivi haifanyiki kizimbani. Inafanyika pale polisi anapoishika simu ya mtu, akasoma jumbe zake, kisha akataja bei. Mwaka 2015, Kwale, wanaume wawili walikamatwa na kupelekwa hospitalini Mombasa, wakapimwa sehemu za siri kutafuta ushahidi, na damu yao ikapimwa virusi vya Ukimwi. Ilidaiwa kwamba waliridhia. Aliye mikononi mwa polisi anaridhia nini? Ilichukua hadi Machi 2018 Mahakama ya Rufaa kusema kwamba upimaji ule ulikiuka haki zao. Isitoshe, maneno “kinyume cha maumbile” ya kifungu cha 162 hayabagui: yakisomwa yalivyo, yanaingia hata chumbani mwa mume na mke. Hilo wanaokitetea hawalitaji.

Hoja kwamba sheria hii ni ya mkoloni siitegemei. Kanuni nzima ya Adhabu tuliirithi, na wizi hatujauhalalisha. Hoja ya dini ni nzito zaidi, kwa sababu Wakenya wengi wanaamini kwa dhati kwamba jambo hili ni dhambi. Lakini zinaa nayo imekatazwa na Biblia na Kurani, na hakuna Mkenya anayefungwa kwa kutoka nje ya ndoa. Wachungaji na masheikh wanaikemea, serikali inabaki nje ya chumba, na hakuna anayesema kwamba Kenya imehalalisha zinaa.

Kuna wanaohofia watoto. Ubakaji na unajisi wa watoto vina Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, inayomlinda mvulana sawa na msichana, nayo itabaki ilivyo. Ninaloomba ni mswada mfupi utakaowaondoa watu wazima walioridhiana faraghani katika vifungu vya 162 na 165, upelekwe kwa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria, na wananchi waitwe kutoa maoni, wanaoupinga wakiwemo. Kifungu cha 45 kisiguswe hata nukta.

Wako mwaminifu,
Mpiga kura