Simu ni yako, ufunguo ni wa nani?

Kila nikienda nyumbani Bungoma naulizwa swali lile lile: hivi vyombo vyenu vya elektroniki vinatujenga au vinatubomoa? Wazee wanataka niseme vinabomoa, vijana wanataka niseme vinajenga. Nimelichoka swali hilo. Simu ya mkononi ilishinda mjadala huo Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, na mama wa Kimilili akaweza kupokea pesa za mwanawe aliye Nairobi bila bahasha kukabidhiwa dereva wa matatu na watu kubaki wakiomba Mungu. Leo nataka tugombane juu ya jambo jingine. Ufunguo wa hicho chombo anao nani?

Nazungumzia simu za kulipia kidogo kidogo. Mtindo huu wengi tuliuona kwanza kwenye sola. M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya sola kwa mkopo mwaka 2012: unatoa kianzio, kisha unalipa kila siku kwa M-Pesa, na ndani ya mtambo mna kadi ya simu inayoiwezesha kampuni kuuzima kutoka mbali usipolipa. Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Leo ukizunguka Kitale mjini hukosi duka lenye ofa ya namna hiyo.

Kwa wanaopenda undani: programu ya kufuli si kama zile unazofuta ukichoka nazo. Imepewa mamlaka ndani ya Android yenyewe. Hata ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, ikipata tu intaneti kufuli linarudi. Simu ikifungwa, unabakiwa na simu za dharura na mipangilio. Kama kazi ya ufundi, nawapa heko.

Lakini aliyeandika "kila siku" alikuwa akimfikiria nani? Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Yanapandwa Machi na Aprili mvua ikianza, yanavunwa kuanzia Oktoba. Juni na Julai mkulima ana shamba la kijani kibichi na mfuko mtupu, maana kila shilingi imezikwa katika mbegu na mbolea. Ukivuka Kamukuywa uwaendee wakulima wa miwa upande wa Bungoma, ndiyo balaa zaidi: muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa. Msimbo haujui hayo. Unajua siku moja, shilingi kadhaa, fungua au funga.

Na si wakulima tu. Nilikuwa kwa fundi wa simu Kitale nikisubiri kioo changu kibadilishwe. Akaja kijana wa boda boda, simu yake imefungwa tangu alfajiri. Wateja wake wote wanampigia kwa laini hiyo, kwa hiyo asubuhi nzima hakubeba mtu. Fundi akatoa kadi, akaitia katika kabambe ya kuazima. Arafa zikaanza kumiminika, na mojawapo ilikuwa ya mteja wa jana yake aliyetuma deni lake kwa M-Pesa. Kumbe pesa ya kuifungua simu ilikuwa imeshaingia kwenye laini ile ile, ila mwenyewe hakuwa na njia ya kuifikia!

Najua mtakalosema. Bila kufuli, nani atamkopesha mtu asiye na hati ya shamba wala stakabadhi ya mshahara? Ni kweli. Kukopa harusi, kulipa matanga, na wengi ninaowajua wangekuwa bado na mulika mwizi bila mpango huu. Deni lilipwe. Ninachopinga ni kumnyima mdaiwa jembe halafu kumdai mavuno. Android inamruhusu mwandishi wa programu kuchagua zipi zibaki wazi wakati wa kufunga. Nimelifanya hilo mwenyewe kwenye tableti za kazi. Ni orodha ya majina tu. Fungeni video, kamera na michezo mkitaka. Mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio katika orodha ya namba za mdaiwa, na mikopo ya simu haikufa.

Basi wenzangu mnaoandika programu hizi huko Nairobi, acheni njia ya kupiga simu na ya M-Pesa wazi. Wekeni kalenda ya pili ya malipo, ya baada ya mavuno, mteja aichague siku anaponunua. Na jumla ya malipo yote hadi siku ya mwisho iandikwe kwenye bango kwa herufi kubwa zile zile za shilingi za kila siku. Hili la tatu halihitaji hata mstari mmoja wa msimbo.