Hewa Haiuzwi kwenye Chupa! Mastaa Wanavyowapiga Mabinti wa Nywele za Mawimbi

JINA KAPUNI, ila wadau wa mjini mnamjua. Ni yule mrembo wa Bongo Movie ambaye wiki hizi ukifungua Insta tu unakutana naye. Anatoka bafuni na taulo jeupe, anatikisa kichwa, anajipulizia kitu kutoka kwenye kichupa cha pinki, halafu anaiambia kamera kwamba nywele zake zinakauka zenyewe, bila draya, bila pasi, asili kabisa. Video inakatwa. Ikirudi, mawimbi yameshuka mpaka mgongoni, yanang'aa, hakuna hata unywele mmoja uliotimka. Chini yake bei: elfu 45, Dar unaletewa bure, mikoani nauli yako.

Haya, ubuyu wenyewe ni huu. Zile nywele ni wigi.

Wenye macho waliona utepe wa wigi pembeni ya sikio pale alipogeuka kuchukua kichupa. Na kama hiyo haitoshi, siku tatu baadaye alionekana msibani kwa msanii mwenzake, mtandio umemteleza, kichwani kasuka twende kilioni fupi kabisa. Hivi yale mawimbi ya mgongoni yalikwenda wapi? Yalibaki nyumbani yanakauka yenyewe?

Kuvaa wigi si kosa. Wigi ni vazi kama viatu, mtu anavaa, anapendeza, maisha yanaendelea. Na twende kilioni ni msuko mzuri tu, hauna aibu. Kosa ni kuvaa nywele za dukani halafu kuuza dawa ya kuzipata kichwani. Hapo mtu anakuwa tapeli mwenye lipstiki.

Na utapeli wenyewe una viungo vyake. Mrembo huyo hajaishia kwenye kichupa, ameongeza na ukoo. Kwenye "live" yake alisema nywele hizo amerithi kwa bibi yake Mshihiri. Mwezi uliopita, mtangazaji mmoja wa kike aliyekuwa anatangaza mafuta mengine alisema bibi yake ni Mmanga wa Pemba. Siku hizi Bongo ukitaka kuuza kitu cha nywele, kwanza unajitafutia bibi. Ndiyo maana biashara hii ni chafu kuliko inavyoonekana: inamwambia binti mwenye nywele za kipilipili kwamba hazitoshi mpaka zilale, halafu inamwambia binti mwenye nywele zinazolala kwamba hajui kuzilaza. Wote wawili wanatoa elfu 45.

WANAOUMIA NI WENYE NAZO

Nywele za mawimbi zipo kweli. Zipo Tanga, Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, zipo Upanga na Kariakoo, kila mahali ambapo damu za Bara, Uarabuni, Uhindi na Ngazija zimechanganyika kwa vizazi. Nyingine ni nyembamba sana, laini kama uzi wa buibui, zinapinda kidogo kama herufi S halafu zinaishia hewani. Binti mwenye nywele hizi anaambiwa tangu utotoni kwamba ana bahati, ana singa. Anasifiwa, anashikwashikwa kichwa na mashangazi, ila hakuna anayemfundisha cha kufanya nazo.

Matokeo yake anajulikana. Anaoga asubuhi, anasugua kichwa kwa taulo, anachana, anatoka. Akifika kituo cha daladala nywele zimeshaanza kupanda. Akifika kazini ni timtim, mtu anamuuliza kama ametoka kuamka. Jioni anaiona video ya staa, anajiangalia kwenye kioo, anaamini kichwa chake ndicho kibovu. Ananunua kichupa. Kesho yake nywele zimegandana kwa mafuta, zimelala kichwani kama kuku aliyenyeshewa, na pembeni bado zimetimka.

Kuna binti mmoja wa Magomeni, yuko mapokezi kwenye ofisi moja ya katikati ya mji, ambaye bosi wake alimwambia mbele ya wageni aje na nywele nadhifu. Kuanzia siku hiyo akawa anaamka saa kumi alfajiri, anaosha, na kwa kuwa hana muda wa kusubiri, anapitisha pasi nywele zikiwa bado na maji. Zilikuwa zinatoa sauti kama kitu kwenye kikaango, na yeye alidhani ndiyo zinaiva. Miezi michache tu, za mbele zikakatika usawa wa nyusi. Pasi inafika nyuzi joto 200, maji yanachemka kwenye 100. Maji yaliyo ndani ya unywele yanageuka mvuke humo humo, yanatoboa vipovu, unywele unavunjika. Madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hilo na lina jina lake. Bosi hajui. Staa hajali.

KWA NINI ZINATIMKA

Hakuna uchawi hapa wala uchafu. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeshikana kwa viungo vidogo vingi. Maji yakiingia, baadhi ya viungo hivyo vinaachia. Maji yakitoka, vinashikana tena kwa umbo lile lile ambalo nywele zilikuwa nalo wakati zinakauka. Zikikauka zimetulia makundi makundi, zitabaki makundi. Zikikauka zinachanwa, zinasuguliwa na kupeperushwa, kila unywele utashika njia yake. Kutimka ndiko huko.

Sasa weka hali ya hewa ya Pwani. Dar hewa imejaa unyevu karibu mwaka mzima, na masika, Machi mpaka Mei, ndiyo usiseme. Nywele zikishakauka zinaanza tena kunywa maji kutoka hewani, zinavimba, umbo linaharibika. Nywele nyembamba ndizo zinazoonyesha haraka, kwa sababu hazina uzito wa kujishikilia. Ukizipaka mafuta mazito ili zitulie, zinazama. Ukiziacha bila kitu, zinapaa. Mtu mwenye wigi hawezi kuyajua haya, maana wigi lake halikutani na masika ya kweli, linakutana na feni ya studio.

KAZI INAFANYIKA BAFUNI

Kukausha kwa hewa bila kutimka kunawezekana, ila hakuna kichupa kinachokufanyia. Kazi kubwa inafanyika nywele zikiwa bado zinachuruzika. Binti anazichanua kwa vidole au kitana chenye meno mapana, kondishona ikiwa bado ipo kichwani. Akishasuuza, hachani tena mpaka siku nyingine ya kuosha. Wenye maji ya kisima ya chumvi, na Dar wako wengi, wanajua nywele zinavyokakamaa. Hao kopo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua.

Kisha taulo likae pembeni. Vile vinyuzi vyake vinavuta nywele na kuzitawanya. Kanga kuukuu iliyolainika, ambayo kila nyumba ya Pwani inayo, inafanya kazi vizuri zaidi, au fulana ya pamba. Hakuna kusugua. Anaziminya kutoka chini kwenda juu, maji yanaingia kwenye kitambaa, mawimbi yanajikusanya yenyewe. Halafu jeli nyepesi, kiasi cha punje ya karanga, inapakwa nywele zikiwa bado mbichi na kuminywa tena. Gliserini, ambayo maduka ya vipodozi yanaisifia kila siku, kwenye unyevu wa Pwani inaweza kugeuka adui, kwa sababu kazi yake ni kuvuta maji, na hewa ya huku imejaa maji.

Baada ya hapo linabaki jambo moja gumu kuliko yote: mikono ishuke. Nywele zikiwa nusu kavu ndipo zinapoharibika kwa kuguswa. Asizishike, asikae mbele ya feni ya kasi, asipande bodaboda. Zikikauka kabisa zitakuwa ngumu kidogo kwa ile jeli. Anaziminya kwa mikono mikavu, ugumu unaondoka. Anayevaa ushungi asizifunge mbichi, na anayelala asilale nazo mbichi, kichwa kitanuka na mba watashangilia. Akiosha jioni akitoka kazini, nywele nyembamba kwa kawaida zinawahi kukauka kabla ya muda wa kulala.

Na mafuta ya nazi? Bibi alikuwa sahihi. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yalipunguza sana upotevu wa protini kwenye nywele. Kwa nywele nyembamba yapakwe kidogo kabla ya kuosha, shampuu itoe yanayozidi. Hizo ni shilingi ngapi kwa mama muuza nazi? Linganisha na elfu 45.

WALOKOLE WA ASILI NAO WASIKIE

Upande wa pili wapo wale wanaohubiri kwamba draya ni shetani na hewa ni malaika. Nao wapunguze sauti. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walilinganisha nywele zilizokaushwa kwa draya na zilizoachwa zikauke zenyewe. Joto kali la karibu liliharibu ngozi ya nje ya unywele, hilo halina ubishi. Lakini kwenye zile zilizokauka zenyewe, zilizokaa na maji muda mrefu, tabaka la ndani linalogundisha seli ndilo lililoharibika. Draya iliyoshikwa umbali wa sentimita 15 na kuzungushwa bila kusimama ilikuwa na madhara madogo kuliko kuacha nywele zikauke zenyewe.

Kwa hiyo hata hii "asili kabisa" ya kwenye video ni neno la kuuzia tu. Siku ya mvua kubwa, nywele zikigoma kukauka, binti akipitisha draya ya joto dogo kwa mbali hajamkosea mtu. Aliyekosea ni anayemtisha na draya huku mwenyewe kajibandika wigi kwa gundi.

MWISHO WA NJIA HII NI SALUNI

Ambaye kichupa kimemshinda na pasi imemkata, anaishia kwenye kiti cha saluni anapakwa "keratini" ya kunyoosha. Dawa nyingi za aina hiyo zina formaldehidi, au zinaitoa zikichomwa na pasi. Ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo formalini ile ya kuhifadhia maiti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya WHO, liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Macho yanayowasha pale saluni si kwa sababu dawa "inafanya kazi". Na anayeivuta kila siku kuliko mteja ni yule msusi mwenyewe, binti wa mtu, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Hapo ndipo utani wa video unapoisha. Binti alianza na nywele nzima kichwani, zenye tabia ya kutimka kidogo unyevu ukizidi. Akaoneshwa uongo mzuri, akajichukia, na kila alipojaribu kujirekebisha alipoteza kitu: kwanza hela, halafu nywele, mwisho pumzi. Staa amebadilisha wigi na kwenda kwenye dili jingine.

Na kile kichupa, kwa taarifa yenu, hakijaandikwa kilichomo ndani. Kazi ya kusajili vipodozi nchini iko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Anayeuza kitu cha kupaka watu vichwani aoneshe usajili na aandike viambato. Elfu 45 ni bajeti ya chakula ya wiki kwa mabinti wengi wanaomfuata, siyo hela ya kujaribia bahati.

Njia ya kujisafisha ipo, tena rahisi. Mrembo huyo aende Coco Beach saa nane mchana, aoshe kichwa chake mwenyewe hewani "live", ajipulizie kichupa chake, akae palepale upepo wa bahari umpige mpaka nywele zikauke, video isikatwe hata sekunde moja. Zikitoka kama za kwenye tangazo, wadau wote watanunua, na wenye nywele za singa watakuwa wa kwanza kwenye foleni. Akishindwa, avae wigi lake kwa amani, aseme ni wigi, ataje na duka. Watu watampenda vilevile, na biashara ya wigi nayo inalipa.

Mpaka siku hiyo ifike, mabinti wa mawimbi, kanga mnazo ndani. Hewa ni ya bure.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Waliokinunua hicho kichupa waseme ukweli hapo chini, na wenye nywele hizi watoe mbinu zao, hasa wa Tanga na Zenji. Matusi tu ndiyo hayaruhusiwi.